Moto Mlangoni kwa Mama Mkwe

Katika ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, hali mbele yake, haingii nyumbani mwake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini mpaka mama apite. Kusema naye pia hasemi, ila kwa kupitia mtu wa kati. Mimi si mtu wa ukoo huo. Baba yangu alitoka Maniema, sisi ni Waislamu, ni mafundi wa kushona toka kwa babu, na kwetu mama mkwe anaamkiwa, anapewa mkono, na akijisikia vizuri anakutuma sukari. Lakini nilipokwenda kuposa, shemeji zangu walinikalisha kwenye kiti kifupi wakanieleza sheria zao moja baada ya nyingine. Mkubwa wao akamalizia na habari ya bwana mmoja aliyemkanyaga mama mkwe wake mguu siku ya sikukuu. Mke wa bwana huyo alirudishwa kwao wiki ileile. Nikauliza kama bwana hakuwa amelewa. Shemeji akasema alikuwa amelewa, lakini mguu ni mguu.

Basi nikazishika sheria. Mgeni akipewa sheria huishika kwa mikono miwili, mwenyeji huishika kwa vidole. Shemeji zangu hao hao nimewaona kwa mama wakwe zao wakicheka na kula fufu sahani moja, wakisema kwamba siku hizi ni siku hizi. Mimi sikuthubutu. Mke wangu nampenda, na toka siku ile ya kiti kifupi nimekuwa naogopa miguu ya watu.

Nguo za mama mkwe nazishona mimi, lakini sijawahi kumpima. Mke wangu huenda shambani na kamba, humzungushia mama yake kifuani, kiunoni na begani, hufunga fundo kila mahali, na kamba inakuja Mangobo, mtaani kwetu Kisangani, kwenye cherehani yangu. Kwa hiyo mwili wake niliujua kwa mafundo. Sura yake, kusema kweli, sikuwa na hakika nayo. Ningeweza kumpita sokoni bila kumjua. Visigino vyake ndivyo nilivyovijua sana, maana huko ndiko macho yangu yalikokuwa yakikaa.

Niongeze jambo moja, si kwa kutafuta huruma. Mama yangu alifariki ningali nabebwa mgongoni. Nyanya alinilea, na nyanya naye hakukawia sana duniani. Kwa hiyo sikuwa na mazoea na akina mama wa aina yoyote, na ule utaratibu wa kukaa mbali haukunisumbua kama ulivyosumbua wakwe wengine. Ndivyo nilivyodhani.

Mama mkwe, baada ya kufiwa na mume wake, alikataa kuja mjini. Alibaki kwenye nyumba yao ya shambani, upande wa barabara ya Banalia, kupita mahali ambapo simu zinapata rezo, yaani mtandao, halafu unaacha barabara na kutembea kwa miguu msituni. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye chumba kimoja, paa la majani ya mangongo, na mlango mmoja mwembamba sana. Baba mkwe aliijenga mwenyewe, na alikuwa mtu mwembamba, nadhani alijipimia. Uwanja wa mbele na nyuma ulikuwa mpana ajabu, udongo mtupu. Mama mkwe aliufagia kila asubuhi mpaka ukang'aa, kwa sababu ya nyoka, na kwa sababu alikuwa mtu wa kufagia.

Enzi za baba mkwe, yeye ndiye alikuwa mtu wa kati. Mama alimwambia yeye, yeye aliniambia mimi, ingawa sote watatu tulikuwa tumekaa kwenye kivuli kimoja na tunasikia. Alipokufa, kazi hiyo akaichukua mke wangu. Na mke wangu akienda kuteka maji kijitoni, tulibaki na mbwa. Alikuwa mbwa wa kuwinda wa marehemu, mwekundu, mwenye kengele ya mti shingoni, na hakuwa na tabia ya kubweka. Mama mkwe alimgeukia mara ya kwanza bila aibu yoyote.

"Mbwa, ambia ule bwana kivuli iko upande huku."

"Mbwa," nikajibu, "mwambie mama aksanti."

Mbwa alimtazama yeye, akanitazama mimi, akalala. Toka hapo ndivyo tulivyoishi. Nilikuwa "ule bwana", na sikuona ubaya wowote.

Mwaka ninaousema, ukavu ulitushika vibaya. Kisangani kwetu mvua ni mtu wa nyumbani; mwezi wa kwanza anapumzika kidogo, wa pili anabisha hodi tena. Mwaka huo mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili nao ukawa unakwenda, na hakuna tone. Mto Tshopo ulitoa mawe ambayo wazee walisema hawajawahi kuonana nayo. Visima vya Mangobo vikatoa tope, na akina mama wakawa wanapanga bidoni za maji kwenye chemchemi kabla ya jua kutoka, wakigombana kwa Kiswahili na kusuluhishwa kwa Lingala. Barabara ya Banalia ilikuwa vumbi jekundu mpaka juu ya miti. Msituni majani makavu yalikuwa yanalia chini ya viatu, jambo ambalo sikulizoea, maana msitu wetu siku zote unakanyagika kama sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa.

Hata hivyo hakuna aliyeogopa moto. Kila uliyemuuliza alikujibu neno moja: "Pori ya huku haiunguaka." Motari aliyenibeba kwa pikipiki yake alisema hivyo. Shemeji mkubwa alisema hivyo. Nikiwa mtu wa kufuata wenyeji, na mimi nilisema hivyo kwa wateja wangu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Jumamosi moja mtoto wetu wa mwisho alipata homa, na mke wangu hakuweza kwenda kwa mama yake. Akanipa chumvi, sabuni, dawa ya mgongo, na gauni nililolimaliza la siku ya kuvua matanga, akaniambia niende peke yangu. Nikamwambia sijawahi kufika kule peke yangu.

"Unaogopa nini?" akasema. "Mbwa iko."

Nilifika jua likiwa limepanda sana. Mama mkwe alikuwa uwanjani, amekunja miguu kwenye mkeka, anachambua mpunga wa mbegu. Mpunga huo aliutunza ndani juu ya mafiga, kwenye moshi, ili wadudu wasiuguse, na ndio uliokuwa mwaka wake mzima. Mvua ikirudi tu, aupande. Ukipotea, hana la kupanda na hana la kula, na shemeji zangu wana midomo mingi majumbani kwao. Jambo hilo nilikuwa nimeelezwa mara nyingi. Nikaweka mzigo pembeni, nikakaa kwenye gogo langu mwisho wa uwanja, nikampa mgongo, nikamwambia mbwa kwamba mtoto ana homa kidogo lakini anakula.

Mbwa alikuwa bado hajafikisha hilo niliposikia harufu ya moshi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. La kufanya baada ya hapo hawakusema.

"Mbwa, ambia ule bwana ni jirani anachoma shamba yake," akasema mama mkwe. "Ni kitu ya kila mwaka."

Kweli ni ya kila mwaka. Watu wanakata miti, wanaiacha ikauke, wanachoma, wanapanda. Kati ya shamba la jirani na la mama mkwe palikuwa na kichaka cha shamba la zamani lililopumzishwa, chenye mianzi, na kila mwaka moto ulifika pale ukakuta mabichi, ukafa. Jirani alikuwa mtu mwema na mwenye adabu. Kabla ya kuchoma alitutumia ujumbe wa simu kwamba leo anachoma, tujichunge. Ujumbe huo ulinifikia Mangobo siku ya pili yake, nilipokuwa nafua shati.

Upepo ukageuka. Halafu tukasikia risasi.

Kisangani ni mji uliosikia mengi, na masikio ya watu wake yamesoma. Mlio wa kwanza ulipolia, nilikuwa tayari nimelala chini, shavu kwenye udongo. Wa pili ukalia, wa tatu, mfululizo. Niligeuza macho bila kuinua kichwa nikaona visigino vya mama mkwe navyo vimelala chini, upande wa pili wa uwanja, vimetulia kabisa. Tulibaki hivyo, kila mmoja upande wake, tumepeana migongo hata katika kulala. Mbwa peke yake ndiye alisimama.

"Mbwa," sauti ikatoka chini, "ambia ule bwana hii si bunduki. Hii ni mianzi."

Ilikuwa mianzi kweli. Mwanzi ukiungua, hewa iliyofungwa ndani inapasuka. Tukasimama, tukajipangusa vumbi, na kwa dakika hiyo moja niliona raha sana kwamba ni mianzi tu. Kisha nikaelewa mianzi ile iko wapi.

Moto ulitoka kichakani pole pole. Watu wakisimulia moto husema ulikimbia. Huu wetu ulitembea, kama mtu anayekwenda soko akijua halijafungwa. Ulikuwa mfupi chini, kwenye majani makavu, na mrefu pale tu ulipopata mti mfu. Moshi ndio uliokimbia. Ulitufikia mzima mzima, mweupe, ukiwa na vipande vya majani meusi vinavyoelea na kutua kwenye mkeka, kwenye mpunga, kwenye gauni jipya.

Mbwa aliutazama moto. Alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi. Kisha akaondoka zake kwa njia ya barabarani, na kengele yake ya mti ikasikika kidogo kidogo mpaka ikaisha. Hivyo ndivyo tulivyobaki bila mtu wa kati.

Mama mkwe alikokota ule mkeka wa mpunga katikati ya uwanja, akakimbia ndani kuchukua uliobaki. Najua alikimbia ndani kwa sababu visigino vilikwenda huko. Mimi nikakimbia mpaka mlangoni, na hapo nikasimama, maana kuingia siingii. Hata kutazama ndani ni namna ya kuingia. Nikageuka, nikaupa mlango mgongo, nikashika ule mlango wa mianzi kwa mkono mmoja usijifunge kwa upepo, ili mama akitoka asipate shida. Nilijiona nimefanya kila ambacho mtu aliyelelewa vizuri anapaswa kufanya. Nikangoja.

Moto ukaingia kwenye muhogo. Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Nikasikia miguu inakuja karibu, inasimama, inarudi ndani. Nikashangaa.

"Mbwa," nikasema kwa nguvu, "ambia mama atoke, moto iko ku muhogo!"

Wakati ule mbwa huenda alishafika Banalia.

Miguu ikaja tena mpaka nyuma yangu kabisa, ikasimama, ikarudi. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: mama amekataa kutoka. Ni nyumba aliyojengewa na mume wake, kaburi la mume liko hatua chache nyuma yake, na wajane nimesikia wana mambo hayo. Anataka kubaki. Na mimi siwezi kumshika mkono nikamvuta, siwezi kuingia, siwezi hata kugeuza shingo nikamsihi. Ghafla nikajiona nimerudi Mangobo, nimesimama mbele ya mke wangu mwenye mtoto mgonjwa mapajani, namwambia: mama yako ameungua, lakini sikumgusa.

Hapo niliogopa. Moto niliuogopa tangu mwanzo, kama kila mtu. Hii ilikuwa hofu nyingine, kwa sababu niliona kwamba naweza kweli kusimama pale mpaka mwisho. Nilijijua. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

"Mbwa," ikasema sauti ndani ya moshi, "ambia ule bwana..." Kikohozi kikaikata.

Cheche ikatua kwenye ukingo wa paa, upande wa muhogo. Jani moja la mangongo likajikunja, likaanza kuwaka kwa utulivu.

"We mutoto!"

Sikujua anaitwa nani. Nikatazama huku na huku kutafuta mtoto.

"Weye! Toka ku mulango! Unataka kuniua na heshima yako?"

Mambo niliyoyajua baadaye, kwa mdomo wa mke wangu, ni haya. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu muda wote, gunia la mbegu kichwani, akingoja niondoke. Mlango ule ulipimwa kwa mwili wa baba mkwe. Mimi nikiwa nimesimama kwenye kizingiti, hakuna namna angepita bila kunisugua, na yeye tangu ujana wake hakuwahi kumgusa mkwe. Alikuja, akaona mgongo wangu, akarudi, akatumaini. Mara ya pili aliona mgongo uleule. Alikuwa amefikiri labda ni desturi ya watu wa Maniema, nyumba ikiungua wanalinda mlango.

Sikutoka mlangoni, niliruka. Akapita na gunia lake, akalitupa uwanjani, akageuka. Na mimi, kwa mshtuko, nikamtazama usoni. Alikuwa mzee kuliko visigino vyake. Uso mdogo, macho yanatoka machozi ya moshi, meno mawili hayapo, na hasira ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Nikainamisha macho haraka.

"Panda!" akasema, akionyesha paa.

"Mama, siwezi kupanda juu ya nyumba yako. Ndani iko kitanda yako."

"Panda ama nitakupiga fimbo!"

Nikasoma bismillahi, nikakanyaga dirisha, nikapanda.

Paa la mangongo limeshonwa: majani yanapangwa safu juu ya safu, kila safu imefungwa kwenye fito kwa kamba za msitu. Kitu kilichoshonwa, mimi najua kukifumua. Nilianza chini kwenye ukingo unaowaka, nikakata kamba kwa kisu changu cha mfukoni, nikavuta, na safu nzima ikashuka. Mama mkwe akaidaka, akaiburuta mbali, akaikanyaga kwa miguu mitupu huku akiipiga kwa jani la mgomba. Halafu safu ya pili. Halafu ya tatu. Alinipa amri kutoka chini na mimi niliitika, na hakuna kati yetu aliyemtaja mbwa.

"Upande ule, mutoto! Iko inawaka!"

"Naona, mama!"

"Unaona nini, iko nyuma yako!"

Kadiri nilivyofumua, nyumba ilifunguka chini yangu. Sikutazama. Yaani, nilitazama, lakini haraka. Niliona kitanda cha fito na sufuria zilizogeuzwa. Na niliona mwanzi umefungwa ukutani kwa urefu wa chumba, na juu yake nguo zote nilizowahi kumshonea, kuanzia ile ya harusi yangu, ambayo mikono yake nilikosea nikaifanya mirefu. Alikuwa amezitundika kwa kufuatana miaka. Shambani alivaa kitenge kimoja kilichopauka, na mimi siku zote nilidhani nguo zangu hazipendi. Sikuwa na muda wa kufikiria jambo hilo, lakini nililifikiria, kisu mkononi, paa likiwaka pembeni.

Moto ulifika ukingo wa uwanja. Pale ulikuta udongo uliofagiwa, hakuna jani, hakuna unyasi. Ulisimama, ukatafuta huku na kule, ukazunguka nyumba kwa mbali pande zote mbili. Ulichukua muhogo wa upande mmoja, vishina viwili vya migomba, na choo. Choo kiliungua chote. Kisha ukashuka mpaka kijitoni, na huko ukafa wenyewe, na sisi tukabaki, mimi juu ya nyumba isiyo na paa, yeye chini, weusi wote wawili.

Jirani alifika mbio akiwa na matawi mabichi mikononi, analia.

"Mama, mi nilituma message! Nilituma message, mama!"

Alikaa kidogo, akapiga piga majivu yaliyokwisha kuzima, akarudi kutazama kwake.

Na kisha ikanyesha. Naliandika hili nikijua kwamba mtu ataniona mwongo. Mvua iliyotukataa toka mwezi wa kwanza ilikuja alasiri ileile, kubwa, yenye upepo, na ilikuta nyumba nimeshaifumua yote isipokuwa safu mbili za mwisho. Ilinyesha juu ya kitanda, ilinyesha ndani ya sufuria. Nguo tuliwahi kuzitoa. Tulizibeba pamoja na gunia na mkeka wa mpunga mpaka kwenye kibanda cha jikoni kilichosimama katikati ya uwanja, ambacho moto haukukifikia na ambacho kinatosha mpishi mmoja asiye mnene. Tukaingia hapo: mbegu, nguo za miaka yote, mama mkwe, na mimi. Tulipeana migongo. Katikati tuliweka gunia.

Sikuwa na wa kumtuma. Baadaye nikasikia anachokora kitu, na mkono ukapitisha ndizi juu ya gunia, ndizi ya mgomba ulioungua, imechomeka yenyewe ndani ya ganda. Sikuwahi kula mbele yake. Nilifikiri kidogo kuhusu mbele na nyuma. Kisha nikala, nimempa mgongo, na nikamsikia na yeye anakula. Upande mmoja ilikuwa makaa, upande mwingine ilikuwa haijaiva, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Mvua ilipopungua, kengele ya mti ikasikika njiani. Mbwa aliingia kibandani akiwa ameloa, akajikung'uta juu yetu sote, akalala juu ya gunia.

"Mbwa," akasema mama mkwe, "ambia ule bwana mvua inaisha. Aende mbele giza iingie, mutoto yake iko na homa."

"Mbwa, mwambie mama nimesikia," nikasema.

Nilimchukia sana yule mbwa. Nilitembea mpaka barabarani nikimchukia.

Habari ilifika mjini kabla yangu, kwa sababu jirani naye alikuwa na simu na safari hii rezo ilimkubali. Jumatatu shemeji zangu walikuja kwenye kibanda changu cha kushona wakiwa na nyuso za msiba. Mkubwa akaketi kwenye kiti cha wateja. Akauliza: Je, nilipanda juu ya nyumba ya mama? Nilimwona uso? Nilisema naye kwa mdomo wangu? Kama ni kweli, hilo si jambo la kucheka. Ukoo utakaa kikao, na hajui wazee watasema nini juu ya dada yake. Nilitaka kumwuliza alikuwa wapi wakati muhogo unaungua. Badala yake nikamwambia akamwulize mama. Wakaenda.

Wakarudi siku ya pili. Mama alikuwa amewaeleza kila kitu. Paa lilibebwa na upepo. Ule bwana alikaa kwenye gogo lake, amegeuka, kama kawaida yake. Maneno yote yalipita kwa mbwa.

"Mama anasema mbwa iliongea vizuri," akasema shemeji mkubwa, na akanipa mkono kwa heshima kubwa. Kisha akatoa suruali yake iliyopasuka, nimshonee.

Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru. Mke wangu alibaki kwangu, hakuna mzee aliyekaa, hakuna kuku wa faini aliyelipwa. Paa jipya tulilishona pamoja, mimi na shemeji zangu, ila mimi sikuruhusiwa kupanda. Niliwapa majani kutoka chini, na waliyashona vibaya. Lakini nikiwa kwenye cherehani yangu, pedali inalia, nilikuwa nasikia ile sauti: we mutoto. Hakuna aliyeniita hivyo tangu nyanya. Nina watoto watatu, ndevu zangu zina mvi upande wa kushoto, na nilikuwa nataka, kwa nguvu iliyonitia aibu, mtu anitishie fimbo tena. Heshima si utumwa, wanasema Waswahili. Ni kweli, lakini inakalisha mtu peke yake kwenye gogo.

Mpunga ulipandwa mvua zilipokaa sawa, na ulikubali. Shamba lililoungua lilitoa kuliko yote. Ulipokomaa tulikwenda kuvuna, mimi na mke wangu, na shemeji mkubwa aliyetangulia. Mchana shemeji alichukua mbwa akaingia naye porini kutafuta nyama. Mke wangu akabeba bidoni akashuka kijitoni. Nikabaki kwenye gogo langu mwisho wa uwanja, mgongo kwa nyumba. Nyuma yangu nilisikia kinu, halafu sufuria, halafu harufu ya mchele mpya. Kisha visigino vikaja karibu kuliko ilivyo desturi, vikasimama.

"Ambia mutoto yangu," akasema mama mkwe, "chakula iko tayari."

Nikatazama kushoto na kulia nimwone aliyetumwa. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na mbwa, na kuku walikuwa mbali kwenye makapi. Nikangoja kidogo, kama sheria inavyotaka, ujumbe unifikie.

"Nimesikia, mama," nikasema.